Neno la Kiingereza Juu ya Dungu

Mwezi uliopita nilikwenda kijijini kwetu Mohoro, na mtoto wa kaka yangu akanipokea kwa "Sori shangazi, netiweki inasumbua." Maneno mawili ya Kizungu kabla ya shikamoo, na hakutoa hata jasho! Sisi tuliyatolea jasho.

Mwalimu wetu wa enzi hizo, mgeni kutoka bara, alikuwa na sheria yake. Kila neno la Kiingereza aliloandika ubaoni ulitakiwa useme maana yake, kisha ulitumie katika sentensi ya maisha yako mwenyewe. Ukishindwa, unabaki darasani alasiri nzima. Na alasiri ndipo ndege walipokuja kumaliza mpunga wetu. Bibi alikuwa peke yake shambani, juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, na macho yake yalishaanza kuchoka. Nikibaki shule, chakula cha mwaka kinaliwa na ndege.

Kwa hiyo nilisomea dunguni. Badala ya kupiga kelele tupu, niliwapigia ndege Kiingereza. "Water!" naita, kombeo mkononi, huku harufu ya muhogo wa kuchoma ikipanda kutoka chini. Bi jirani, kwenye dungu la pili, anaitikia, "Wota!" Ndege hawakujali matamshi. Mimi pia sikuyajali, kama walivyokuja kugundua wahadhiri wangu.

Siku moja neno likawa "war". Maana niliijua, vita. Lakini vita katika maisha yangu? Jioni nyumbani nikamuuliza bibi. Akaacha kupepeta.

"Baba yangu alitoka huko vilimani Umatumbini akaenda Vita vya Maji Maji. Walikunywa dawa, risasi hazikugeuka maji. Wakaziona hazigeuki, na bado wakaenda. Kaliseme hilo."

Kesho yake nikasimama, nikalisema kwa Kiingereza kinachochechemea: baba yake bibi yangu alikwenda vitani. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.

"Vita gani?"

"Vya Maji Maji, mwalimu."

"Alirudi?"

"Asingerudi, bibi yangu angezaliwa na nani?"

Akaniangalia sana. "Nenda kalinde mpunga."

Nilikimbia njia nzima. Bibi aliposikia, alisimama juu ya dungu nikadhani litaanguka. "Jirani wee! Baba yangu leo katajwa skuli, tena kwa Kizungu!"

"Na ndege je?"

"Wamekimbia wote!"

Sasa bonde lile halina dungu hata moja. Bibi hayupo, bi jirani hayupo, na mimi nina shahada ya Kiingereza isiyofukuza hata shomoro. Safari hii nilisimama pembeni ya mpunga, nikavuta pumzi, nikaita, "War!" Ndege wakaruka kidogo, wakatua tena. Hakuna aliyeitikia.

"Shangazi, unamwita nani?" akauliza yule mtoto wa kaka, simu mkononi.

"Babu yako mkuu, yule wa Maji Maji," nikamwambia. "Weka simu mfukoni, uitikie."