Hasikii

Mama yangu mzazi alikuwa na methali moja aliyoipenda kama chumvi: sikio la kufa halisikii dawa. Alitulea nayo kule Mlali, nami nikaibeba hadi Dodoma mjini nilipopata kazi ya masjala serikalini. Binti yangu alipofika miaka mitatu nikaanza kumsomea hiyo hiyo kila siku. Sikujua kwamba nilikuwa nasema kweli.

Nikimwita akiwa uani, haitiki. Nikimtuma kikombe, ananitazama kidogo, kisha anarudi kwenye mchanga wake. Watu wazima wakipita, shikamoo haitoki. Hilo la shikamoo ndilo lililoniuma zaidi, maana mtoto asiyeamkia watu hasemwi yeye, anasemwa mama yake. Basi nikawa namfinya sikio, lile la kulia, navuta juu mpaka anasimama kwa ncha za vidole. "Husikii wewe?" Leo navichukia vidole vyangu.

Na nani angedhani ni masikio? Mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa, alikuwa anayaziba kwa viganja vyote viwili na kulia hadi anakaukiwa. Kanisani spika zikifunguliwa, natoka naye nje, watu wananiangalia. Mwalimu mmoja mstaafu tuliyepakana naye aliniambia, "Mwanangu, huyu anasikia kuliko mimi na wewe. Umemdekeza tu." Nikamwamini upesi, kwa sababu mtoto aliyedeka anarekebishika.

Sikio lenyewe lilikuwa linatoka usaha tangu ananyonya. Linatoka, linanuka, linakauka, linaanza tena. Kwetu watoto wengi wamekua hivyo, hatukuuita ugonjwa. Bibi yake akatuma chupa ya mafuta ya alizeti, yamekamuliwa pale pale kijijini, na maagizo: pasha na kitunguu saumu, dondosha matone matatu asubuhi na jioni. Nikamlaza, nikambana kichwa kwa magoti, nikadondosha. Alipiga mayowe. Nikasema dawa imeingia.

Alipoanza chekechea, ripoti ya muhula wa kwanza ilikuja na neno moja kwenye nafasi ya maoni ya mwalimu: *Hasikii.* Nilikata ufito wa mwarobaini kabla sijavua viatu.

Muhula wa pili ulikuwa umeshafika katikati nilipokutana na mwalimu wake sokoni, msichana mpole, bado anaona haya kuzungumza na wazazi. Akaniamkia, kisha akauliza, "Mama, hospitali walisemaje?"

"Hospitali kuna nini?"

"Si niliandika kwenye ripoti? Hasikii. Nikimwita kwa nyuma hageuki kabisa."

"Nilimchapa," nikasema. Nilitamka hivyo hivyo, mbele ya muuza nyanya. Mwalimu akainamisha uso, muuza nyanya akajifanya anapanga mafungu.

Kiswahili chetu hiki, tunachokisifu kwa utamu, kimetupa neno moja tu la masikio na la utii. Mwalimu aliandika la masikio, mimi nikasoma la utii, na ufito ukawa katikati.

Daktari alimmulika ndani kwa kitaa chake, sikio moja baada ya jingine. Ngoma ya sikio la kulia ilikuwa imeliwa yote na ugonjwa umeshapita kwenda ndani. La kushoto lilikuwa linafuata. Nikamuuliza kuhusu mashine ya kusaga, akasema masikio ya namna ile huweza kupoteza sauti ndogo na bado zile kubwa zikayaumiza. Nikamuuliza kuhusu mafuta. Akanijibu kwa upole kwamba sikio lililotoboka halitiwi kitu, akarudi kwenye kuandika kwake. Heri angenigombeza.

Alipewa kifaa cha kuvaa sikioni. Kinakuza kila kitu, mashine nayo ikiwemo, kwa hiyo kila akirudi kutoka shuleni anakivua mlangoni na kukiweka juu ya kabati. Kila tukienda kupimwa masikio tunaambiwa kilichobaki kimepungua. Siku hizi siulizi kimebaki kiasi gani.

Sasa ana miaka saba, na adabu imemwingia kupita kiasi. Anamwamkia kila mtu, hata watoto wenzake, ambao humcheka. Akishasema shikamoo anautazama mdomo wa mtu mpaka aione marahaba, ndipo anaondoka. Majirani wananisifu kwamba nimemfunza vizuri. Naitikia asante, ningefanyaje?

Jana alirudi kutoka shule wakati naosha vyombo uani, nimempa mgongo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," nikajibu, nikaendelea kusugua sufuria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Shikamoo mama!"

 Nikageuka ili auone mdomo wangu. Alikuwa amesimama wima, begi bado mgongoni, na mkono mmoja ameshauweka juu ya sikio la kulia, akisubiri nilifinye.