Nilipumzika Milimani, Wakaniwekea Turubai Ilala

Msibani kwangu walipika maharage hayakuiva.

Najua kwa sababu niliyala. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, nikapewa sahani, nikatafuna kama waombolezaji wengine.

Tulieni niwaeleze nilivyofika hapo, kabla hamjaanza kusema ni bangi.

Naitwa Isidori. Nauza mabegi ya shule Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwenye fremu ambayo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kushoto kwangu kuna spika inaita "buku jero, buku jero," kulia kuna nyingine inajibu "bei imekufa, bei imekufa." Ukifumba macho upumue kidogo, mteja anakuuliza kama unaumwa.

Sasa katikati ya kelele hizo nikaanza kuangalia video za Mhispania mmoja.

Jamaa ana pikipiki kubwa. Anaendesha peke yake milimani kwao, jua linawaka, barabara inapindapinda mpaka juu. Akifika kijijini anakunywa kahawa, anaangalia bonde, anaondoka. Hakuna anayemuuliza ametoka wapi wala ni mtoto wa nani.

Nikasema haya sasa ndiyo maisha, mimi naishi au nasindikiza?

Nikanunua pikipiki. Kubwa, ya mtumba, yenye kioo mbele na masanduku pembeni. Bakili, jirani yangu anayeuza mikanda, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mangi, unaenda wapi na hilo dude?"

"Milimani. Uluguru. Asubuhi naenda, jioni narudi."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Natembea tu."

"Umefiwa?"

"Sijafiwa."

"Mchagga anaenda milimani, si Desemba, hajafiwa, na milima yenyewe siyo ya kwao." Akanigusa paji la uso. "Kapime malaria, kaka."

Mke wangu Nice hakucheka. Kaka yake, Aaron, alikufa kwa pikipiki. Tangu hapo breki zikilia barabarani anaacha anachofanya, anasikiliza mpaka kimya kirudi.

"Baba Jaki, sikukatazi," akaniambia. "Ila ukisimama mahali, nijulishe. Ukinitia presha hata mara moja, funguo zinakuwa zangu na hilo pikipiki halitoki tena."

"Wasiwasi wa nini, Mama Jaki? Naenda kupumzika tu."

Kumbukeni hilo neno. Nilianza nalo mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Akachukua makapeni, akaandika namba yake ndani ya helmeti. Nikamwambia anadeka.

Jumamosi alfajiri nikatoka. Nilivaa koti zito jeusi la ngozi, nililolipata Mchikichini kwenye mitumba, kwa sababu Mhispania naye huvaa koti la ngozi. Kwamba yeye huenda ana akili ya kulifungua zipu jua likipanda, hilo sikulitilia maanani.

Chalinze nilikuwa nimelowa jasho. Mikese nilikuwa nachemka. Bigwa nikakata kushoto, nikaanza kupanda barabara ya Matombo.

Niseme ukweli, ilikuwa nzuri. Milima imekaa pande zote, mikungu ya ndizi imepangwa kando ya barabara, na kona ikiisha inakuja nyingine. Nilipiga kelele ndani ya helmeti kwa furaha. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakukuwa na mtu anayeniuliza bei.

Nikasimama Mkuyuni niangalie bonde kama Mhispania.

"Habari za safari," mzee mmoja akanisogelea. "Unatafuta kiwanja?"

"Hapana, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi wewe ni wa umeme."

"Siyo wa umeme. Naangalia tu bonde."

Akaliangalia bonde. Akaniangalia mimi. "Limefanya nini?"

Nikawasha pikipiki. Maswali niliyoyakimbia Kariakoo yalikuwa yametangulia kunisubiri.

Mbele kidogo simu yangu, niliyoifunga kwenye usukani nirekodi video, ikachemka kwa jua ikazima. Haikuwaka tena. Na mimi nikafuata. Kichwa kikaanza kuzunguka, barabara nikaiona mbili, nikachagua moja, nikashukuru ilikuwa ya kweli. Nikaegesha mbele ya kibanda cha chai cha mama mmoja, nikashuka, nikakaa chini palepale.

Mama mwenyewe anaitwa Mama Salma. Alinivua lile koti huku ananisema.

"Baba, jua hili na koti la baridi ya Makete? Nani kakutuma?"

Sikuwa na nguvu ya kumweleza habari za Uhispania. Akaninywesha maji, akanimwagia mengine kichwani, akatandika mkeka chini ya mfenesi, akanilaza, akanifunika kanga nzi wasinisumbue.

Hapo nikamkumbuka Nice. Ahadi ni ahadi.

"Mama, naomba unisaidie kumpigia mke wangu. Namba iko ndani ya helmeti. Mwambie nimefika salama, nimepumzika kidogo."

"Huku chini mtandao hakuna, mpaka nipande kwenye lile jiwe. Wewe lala, mimi nitamwambia."

Nikamwona anapanda, simu mkononi, kanga kiunoni. Nikamsikia anapaza sauti, "Halo! Halo! Eeh, mume wako! Amepumzika! Nasema AMEPUMZIKA!"

Nikajisemea, jamani, watu wa milimani wana roho nzuri. Nikalala.

Nilipoamka jua limepungua na mwili umerudi. Nilikuwa nimefunikwa kanga kutoka kichwani mpaka miguuni. Mama Salma akaniletea chai ya mdalasini.

"Ulimpata mke wangu?"

"Nilimpata, baba. Alifurahi huyo! Alipiga ukelele mpaka simu ikakatika."

Nilishangaa kidogo. Nice si mtu wa kupiga ukelele kwa furaha, hata siku ya harusi yetu alitabasamu kwa adabu. Lakini nikasema pengine ananipenda kuliko anavyoonyesha. Mwanaume ukisifiwa unaamini chochote.

Nikashukuru, nikashuka, nikashika njia ya Dar.

Kibaha, kwenye foleni ya upande wa pili, nikaona Noah ya Bakili inaelekea bara. Mwenyewe yuko kwenye usukani, anafuta macho kwa leso. Nikampungia mkono. Akaniangalia mimi na vumbi langu jekundu, akageuza uso. Nikasema sawa, wivu huo.

Jua linazama naingia mtaani kwetu Ilala. Nakuta turubai limefungwa katikati ya njia, viti vimejaa, kina mama wanapakua.

Nikajua ni mzee wa nyumba ya pili, maana alikuwa anaumwa. Na kwetu hupiti turubai la msiba kama unapita duka. Nikaegesha kwenye kona, nikakaa kiti cha nyuma kabisa. Uso wangu wote ulikuwa vumbi, nikafanana na mchoma matofali. Nikapewa sahani.

"Pole sana," nikamnong'oneza niliyekaa naye. "Kafariki saa ngapi?"

"Mchana. Mchagga mmoja wa mabegi." Akashusha sauti. "Alijifanya Mzungu, kaenda kutalii na pikipiki milimani, peke yake. Sasa si ndiyo hivyo."

Nikaacha kutafuna.

"Ila tusimseme vibaya marehemu," akaendelea. "Ingawa zipu za mabegi yake, Mungu anajua."

Mbele akasimama Mzee Elimringi, mjomba wangu, mwenyekiti wa kila msiba unaotuhusu. Akasema gari limeshaenda Morogoro kuufuata mwili, na maziko yatakuwa nyumbani, Rombo. Akasema marehemu Isidori alikuwa mtu mkarimu, msikivu, asiyependa makuu.

Hapo kidogo nitulie. Nikadhani kweli wamekosea mtu.

Lakini ndani ya nyumba yangu nikasikia sauti ya Nice. Hakuwa analia kwa kupiga kelele. Alikuwa anarudia jambo moja tu, "Nilimruhusu mwenyewe. Nilimruhusu mwenyewe."

Nikasimama, sahani ikaanguka.

"Mjomba," nikasema, "mimi hapa."

Msiba wangu ulitawanyika haraka kuliko machinga walioona mgambo. Mwenye habari za zipu aliruka viti. Mzee Elimringi, ambaye dakika hiyohiyo alikuwa amesema tutaonana asubuhi ile njema, alipoonana nami mapema alijificha nyuma ya sufuria la wali.

Nice akatoka, ameshikwa na wanawake wawili. Akajinasua. Akanisogelea, akanifuta vumbi kwa ncha ya kanga, taratibu, shavu moja, halafu la pili. Akanishika masikio, akahakikisha yana joto.

Halafu akanizaba kofi.

"Mama Jaki, nilimtuma mtu akwambie nimepumz..."

"Usilitaje!" Sauti ikamkatika. "Mwanamke nisiyemjua ananipigia. Ananiambia mume wako amepumzika. Nikamuuliza yuko wapi, anasema hapa kwenye kibanda changu cha chai, mbele ya Mkuyuni, tumemlaza kivulini. Tumemfunika kanga, nzi ni wengi. Namba yangu kaitoa kwenye helmeti! Mimi ningeelewa nini, Baba Jaki?"

Nikamwonyesha simu yangu iliyozimika.

"Nikapiga tena, hapatikani. Yako imezimwa. Hata Aaron walianza hivyohivyo. Waliniambia amelala."

Mimi mwenye maneno mengi nikatoa funguo mfukoni, nikamwekea kiganjani. Nililia mbele za watu waliokuja kunililia, na sioni aibu kuwaambia.

Bakili alirudi kesho yake, hanisemeshi. Alikuwa amefika mpaka kwa Mama Salma na jeneza ndani ya gari.

"Nimemuuliza mwili uko wapi," akasema alipopoa kidogo. "Ananijibu, mwili gani? Kaondoka nao mwenyewe."

Nilijua pikipiki nimeipoteza. Nice aliifunika kwa lile turubai, ikakaa uani.

Halafu siku moja nikaikuta ina tope la viwanja vya Jangwani. Nikauliza. Bakili akaanza kupanga mikanda iliyokuwa imeshapangwa. Mke wangu alikuwa anajifunza kuendesha, na mwalimu ni huyo Bakili.

"Nimechoka kuogopa kitu nisichokijua," Nice akaniambia, wala hakuniomba ruhusa. "Na mimi nina safari yangu."

Akapata leseni. Jumamosi moja alfajiri akafunga doti mpya ya kanga kwenye sanduku la pembeni, zawadi ya Mama Salma. Namba yangu nikaiandika mwenyewe ndani ya helmeti, kwa makapeni. Akaniambia nadeka.

Siku hiyo sikuuza begi hata moja. Wateja waliniuliza bei nikawa nawaangalia tu. Breki zikilia barabarani nilikuwa nasimama, nasikiliza. Spika ya kushoto ikaita, ya kulia ikajibu "bei imekufa," na mimi kila nikisikia "imekufa" naangalia simu. Mchana ukapita simu haijalia. Nikajua sasa alichokuwa anakisikiliza mke wangu miaka yote ile.

Jua limeshaanza kulalia upande wa Msimbazi, simu ikatetemeka.

"Nimefika. Mzima. Nimekuja polepole. Nimekaa juu ya jiwe na Mama Salma, tunakunywa chai, tunakusema."

Nililisoma lile neno la pili mpaka Bakili akaninyang'anya simu kuona kuna nini.

Ndugu zangu, endesheni pikipiki, tembeeni milima, jifanyeni Wahispania, hakuna anayewakataza. Ila ukifika, sema umefika. Kupumzika kupo tu, na siku hiyo ya kweli wala hutaombwa utoe taarifa.

Na mkinipikia tena, maharage muyaloweke usiku.