Ngumi ya Mama Muhuri

Kabla hajaitwa Mama Muhuri, alikuwa fundi cherehani na katibu wa chama cha wenye vibanda. Baraza la mji lilikuwa limeandaa sheria ya kubomoa vibanda vyote, na mwisho wa kupokea pingamizi ulikuwa saa sita mchana. Barua isiyo na muhuri wa chama haikupokelewa. Mgambo walilijua hilo, wakamfuata saa nne.

Walimpasua kichwa kwa rungu, wakavunja cherehani, wakamwangusha juu ya vyuma vyake. Muhuri alikuwa ameufumbata kiganjani.

"Fungua mkono, mama!"

"Kafungue wa mama yako, baba. Huu una kazi."

Mkubwa wao akaukanyaga kwa buti mara tatu. Vidole vilivunjika vikiwa vimefumba, vikavimba palepale juu ya muhuri. Mafundi chuma wa vibanda vya jirani walipotokea na nondo, mgambo wakatimua mbio, na yeye akashika njia ya barazani, barua ya pingamizi, ambayo bado haijagongwa muhuri, ikiwa kwapani.

Karani aliitazama damu ikidondokea meza. "Shangazi, si uende hospitali kwanza? Na muhuri uko wapi?"

"Umo humu."

Uso wa muhuri ulichungulia chini ya kidole cha mwisho. Akaichovya ngumi kwenye wino, akaigonga barua, akapiga yowe. Karani akainama kusoma.

"Jina la chama halionekani, shangazi."

Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Saa ya ukutani ilionyesha sita kasoro dakika nne, na karani akaandika: imepokelewa.