Kikapu Hakirudi Kitupu

Juzi nimeletewa kikapu cha Pasaka hapa kwangu Homa Bay. Kilitoka Nairobi kwa basi, kimetumwa na mke wa mwanangu wa mwisho, kimefungwa karatasi ya nailoni inayong'aa mpaka unaogopa kuigusa. Ndani kuna majani ya plastiki, mayai ya chokoleti yaliyovikwa karatasi ya dhahabu, sabuni ya kunukia, na sungura wa chokoleti mwenye utepe shingoni. Nilimtazama yule sungura tukaelewana. Nilipokuwa mdogo sungura alikuwa mwizi wa kunde, na kama aliingia bomani wakati wa Pasaka, basi aliingia akiwa tayari kwenye sufuria.

Mkaza mwanangu akanipigia simu kuuliza kama mzigo umefika. Ni msichana mwema, mwenye heshima, ila hajakanyaga hapa tangu mwaka juzi. Usidhani tumegombana. Ni shughuli tu, na shughuli ni mbaya kuliko ugomvi, maana ugomvi una mwisho. Nikamshukuru sana, tukacheka, kisha kabla ya kukata simu akaniambia, "Na kikapu, Mama, usihangaike kukirudisha. Kitupe tu."

Nilibaki na simu mkononi. Mtoto wa watu hakujua alichoniambia. Kaa hapa karibu yangu nikueleze, maana ukikulia mahali pengine huwezi kujua.

Mimi nililelewa na bibi mzaa baba, tuliyemwita Dani, kama Wajaluo wengi wanavyomwita bibi. Miaka hiyo ya sitini boma letu lilikuwa juu kidogo ya ziwa, nje ya Homa Bay, na Dani alikuwa mfumaji wa vikapu ambaye hakuna mtu aliyethubutu kumkosoa. Alifuma kwa maganda ya mafunjo tuliyoyakata sisi watoto ukingoni mwa maji, matope yakitufika mapajani. Baba alikuwa fundi cherehani Migori, kwenye baraza ya duka la mfanyabiashara Mwislamu, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mwenye sauti nyumbani alikuwa Dani, na hata baba alipokuwepo, mwenye sauti alikuwa Dani.

Pasaka ilipokaribia alikuwa na kazi. Sisi tulikuwa Wakatoliki, na Dani aliamini kwamba Bwana hawezi kufufuka watu wakakaa mikono mitupu. Alipeleka vikapu kwa ndugu, kwa wajane, kwa yeyote aliyefiwa mwaka ule. Alikuwa na kanuni yake: kikapu cha mtoto kijazwe cha kuliwa leo, cha mtu mzima kijazwe cha kuliwa kesho. Cha mtoto kilikuwa na njugu za kukaanga, vipande vya muwa, mapera, na simsim iliyotwangwa ikaviringwa na asali. Cha mtu mzima kilikuwa na unga wa wimbi, ngege waliokaushwa kwa moshi, chumvi, sukari iliyofungwa kwenye karatasi, majani chai, kiberiti na kipande cha sabuni ya mche. Mpaka leo nikisikia harufu ya samaki wa moshi iliyochanganyika na sabuni, kwangu hiyo ni Pasaka.

Na vikapu vile vilirudi. Hilo ndilo nataka ulishike. Kwetu kikapu kilicholeta chakula hakirudi kitupu. Mwenye kukipokea anakimwaga, anakaa nacho siku mbili tatu, anakirudisha na chochote alichonacho, hata kama ni konzi ya maharagwe. Kumrudishia mtu kikapu kitupu ni kumwambia asije tena kwako. Na kukaa nacho moja kwa moja, hilo Dani hakuwa hata na neno lake.

Sasa nije kwenye mayai.

Bomani kwetu mwanamke hakula yai. Hakula kuku pia. Kuku alikuwa wa wanaume na wageni, na yai lilikuwa la kuanguliwa. Mwanamke aliyekula yai alihesabiwa mlafi, mtu anayekula boma lenyewe kabla halijaota. Dani alizaa watoto wake wote, akawazika wengine, akazeeka, bila kuonja yai hata siku moja, na alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia ng'ombe.

Mama yangu alitoka Kasipul, ng'ambo ya Oyugis, na kwa hiyo Dani alimwita Nyar Kasipul, binti wa Kasipul. Walipendana kwa namna yao, ya kubishana kuanzia jivu la asubuhi mpaka maziwa ya jioni. Mwaka ule mama alikuwa amejifungua mdogo wangu wa kiume, akapungukiwa damu, akawa anatembea akishika kuta. Nesi wa kliniki ya misheni akamwambia ale mayai. Mama hakuwa mtu wa kujificha. Alichemsha mawili, akaketi mlangoni pa jiko mchana kweupe, akala.

Dani aliyaona maganda. "Katika boma hili hakuna mwanamke aliyewahi kula yai," akasema.

"Nesi amesema damu yangu ni kidogo, Mama."

"Labda kwenu ndiko wanawake wanakula mayai. Kwenu hawana haya."

Hapo ndipo alipoteleza. Mwambie mwanamke lolote juu yake mwenyewe, atakusamehe kufikia jioni. Usimguse mama yake. Mama alimfunga mtoto mgongoni, akachukua leso zake, akaenda kwao. Mimi niliachwa, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa nyumba ya Dani, nikilala huko na kula huko. Ilikuwa mara baada ya Krismasi.

Januari ikapita. Februari ikapita. Baba alikuja kutoka Migori, akasikiliza, akasema ugomvi wa jikoni humalizwa jikoni, akarudi kwenye cherehani yake. Mvua za masika zikaanza, watu wakapanda, na shamba la mama likabaki na magugu katikati ya mashamba ya wengine, kila mpita njia akiliona. Nilimkosa mama kiasi kwamba niliacha kula uji. Dani naye alimkosa, ila kiburi kilimzuia kukiri. Nilimsikia akiongea peke yake kwenye jiwe la kusagia, akimgombeza Nyar Kasipul kwa kutokuwepo hapo ili agombezwe.

Katika Kwaresima, mwalimu wa katekisimu akatusimulia kwamba kwao padre, ng'ambo ya bahari, watoto na watu wazima hupewa vikapu vya mayai yaliyotiwa rangi, kwa sababu yai ni kaburi, na kifaranga akilivunja ni ufufuko. Nilimpelekea Dani habari hiyo bila nia yoyote. Aliacha kufuma.

"Padre anasema hivyo? Hata watu wazima?"

"Hata watu wazima."

"Hata wanawake?"

Nikasema mwalimu hakuwatoa wanawake. Dani akarudi kwenye kikapu chake, akafuma mstari mzima.

Juma Takatifu likafika. Jumatano, baada ya chakula cha mchana, Dani alimwinua kuku aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutaga, akachukua mayai yote, akayatia katika chungu alichochemshia magome ya kutia rangi nyuzi za katani. Kisha akawasha moto. Elewa kwamba alikuwa mpishi ambaye watu walimwita kwenye matanga ya mbali, lakini yai hakuwahi kulichemsha maishani. Baada ya muda alitoa moja, akachukua kijiti, akalichoma kama tunavyochoma kiazi ili kujua kama kimeiva. Kijiti kikavunjika.

"Bado," akasema, akaongeza kuni.

Yalichemka mpaka ng'ombe wakarudi. Kila alipojaribu kijiti, kijiti kilivunjika, na kila kilipovunjika aliongeza maji na kuni. Mwishowe alichoka, akayaepua. Yalikuwa mekundu kama udongo wa barabara ya Oyugis. Akayafunga kwa majani ya mgomba, akayaweka juu kabisa ya kikapu kipya, juu ya wimbi, samaki na sabuni. Kando akaweka kikapu kidogo cha mdogo wangu.

Kufikisha mzigo kulikuwa na hesabu yake. Dani hakuweza kwenda. Mama mkwe hafuati mkaza mwana njiani. Jirani yetu Msabato aliuza samaki Oyugis, ila Jumamosi ilikuwa sabato yake, hasafiri. Na Ijumaa Kuu Dani hakuruhusu chochote kitoke nyumbani. Basi ikabaki Alhamisi. Jirani, ambaye hakusherehekea Pasaka na alituona kama watu waliochanganyikiwa siku, alibeba kikapu kikubwa kichwani kana kwamba ni chake. Mimi nikabeba kidogo. Dani alitusindikiza hadi langoni, na ujumbe wake ulikuwa huu tu: "Mwambieni hicho ni kikapu cha Pasaka."

Tulimkuta mama akipalilia. Sitakueleza nilivyomkimbilia. Alikaa mlangoni pa mama yake, akatoa vitu kimoja kimoja, uso mgumu. Akafungua majani ya mgomba, akaona mayai mekundu. Akachukua yai, akaligonga kwenye mwimo wa mlango, halikupasuka, akaligonga tena. Ndani kiini kilikuwa cha kijivu, kikavu, kinamwagika kama majivu.

"Nani amechemsha haya?" akauliza. Nikafungua mdomo. "Hapana, usiniambie. Mtu anayejua yai hawezi kulitesa hivi."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, halafu nikaona anapangusa macho kwa pindo la leso, na kicheko hakikuwa kicheko tena. Alimpa mdogo wangu kipande, kingine akala yeye, akitafuna muda mrefu. Mama yake, aliyekuwa ameketi ndani, akasema kutoka gizani, "Haya. Kikapu kimefika. Kitarudi na nini?"

Mama akayafunga upya mayai yaliyobaki katika jani lake.

Kesho yake jirani akanipitia mapema, maana alitaka kufika kwake kabla jua la Ijumaa halijazama na sabato yake kuanza. Niliaga bila kikapu. Mama alinikumbatia, akanipaka mafuta usoni. Dani alitupokea langoni, akanitazama mikono.

"Kikapu kiko wapi?"

"Kimebaki."

"Amesema nini?"

"Amecheka. Halafu amelia."

Jumamosi Dani alifagia uwanja, akafagia tena. Jumapili tulikwenda misa, akaimba kwa sauti ya kulazimisha. Tuliporudi alikataa chakula, akakaa kivulini mwa ghala akijifanya anachambua wimbi uliokwisha chambuliwa jana yake. Jua lilikuwa limeanza kuinama nilipomwona mtu kwenye njia ya kutoka barabarani: mtoto mgongoni, kikapu kichwani.

Mama hakupiga hodi. Alipiga magoti mbele ya Dani, akashusha kikapu. Kilijaa maharagwe ya Kasipul, viazi vitamu na mkungu mdogo wa ndizi, na juu kabisa, katika jani lake, yai moja jekundu.

"Nimerudisha kikapu, Mama."

Dani alilitazama lile yai. "Na hili umeliacha la nini?"

"La aliyechemsha."

Dani alinyoosha mkono, akalichukua, akalitia katika fundo la leso yake.

"Nitampa paka," akasema. "Nyar Kasipul, shamba lako limeota magugu. Unangoja nani?"

Hatukuwa na paka.

Asubuhi, nikifagia nyumba ya Dani, niliona maganda mekundu nyuma ya mafiga, yamefichwa vibaya. Mama aliingia na maji, akayaona. Alinichukulia ufagio, akayafagia yeye mwenyewe, akayatupa mbali, wala hakusema neno siku hiyo wala siku zote alizoishi. Toka mwaka ule mayai yalichemshwa kwetu kila Pasaka, kila mwanamke akala lake, na la Dani likaendelea kuliwa na paka.

Mengi ya hayo yamekwenda. Mafunjo ya upande wetu yamekatwa, na vidole vinavyojua kufuma ni vichache. Dani amelala pale nyuma ya nyumba, mama kando yake, na nina hakika wanabishana. Kinachoniuma si vikapu. Vikapu vipo, vizuri kuliko vyetu, vya kila rangi. Kinachoniuma ni kwamba vinakwenda upande mmoja tu. Watu wanapeana, wanashukuriana kwa simu, wanatupa kikapu, na hakuna anayelazimika kutembea kwenda kwa mwenzake.

Basi nimeyamwaga yale majani ya plastiki. Nimeweka unga wa wimbi, dagaa wa omena waliokauka vizuri, njugu za wajukuu, na juu nimeweka mayai ya kuku wangu, niliyoyachemsha mwenyewe tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kesho kinapanda basi. Jioni hii nimempigia mkaza mwanangu kumwambia akipokee.

"Asante, Mama, lakini nilikuambia ukitupe," akasema, akicheka. "Sasa nikishakula, kikapu nikifanyie nini?"

Nikamwambia, "Kilete mwenyewe."