Kiti cha Mkwe wa Nyabusozi

Siku hizi mtu wa Kanazi, huku Ngara, akitazamia wageni hukodi viti vya plastiki pamoja na turubai na spika, lakini miaka ile ya wakimbizi kiti cha heshima kilikuwa kimoja kwa kila nyumba, na kikichakaa kilikwanguliwa uani na mwenye nyumba mwenyewe.

Cha Pancras kilikuwa cha mvule, alichoachiwa na baba yake. Moshi na pombe ya ndizi vilikuwa vimekipa weusi wa sufuria. Na Jumapili ile alikuwa anakuja Elick kutoka Nyabusozi, upande wa Biharamulo, kusema kama anamtoa binti yake Tecla aolewe na Philbert, mtoto wa Pancras, au hamtoi. Fununu zilisema hamtoi. Huko Biharamulo watu walidai Ngara nzima imegeuka kambi na wenyeji wamesahau adabu.

"Akishakalia kiti kile, atajua hapa pana watu," Pancras alimwambia mkewe Clotilda.

"Basi kiti kimpikie na chakula, mimi nipumzike."

Aliyemsaidia Pancras kukikwangua ni Ntirampeba, seremala wa Kirundi aliyekuwa akitoka kambini na mkewe Nimpaye kuja kupalilia migomba ya Pancras, wakilipwa ndizi. Ntirampeba alivunja chupa, akachagua kigae kikali, akaanza kukwangua. Weusi ukatoka kwa nyuzi nyembamba, na chini yake mvule ukatokeza rangi ya asali. Wakapiga msasa kufuata mkondo wa mbao, wakapangusa vumbi, wakapaka vanishi tabaka moja jembamba.

"Sasa kiache," Ntirampeba alisema. "Hata kukitazama sana usikitazame."

Pancras alikiacha kama mtu anavyoacha upele unaowasha. Ijumaa akaona hakijang'aa vya kutosha. Wakati huo mafuta ya kupikia ya msaada yalikuwa yamejaa kila soko. Watu waliyakaangia maandazi, waliyapaka kichwani, wengine waliyawashia taa. Kwa nini yasing'arishe kiti? Akakisugua kwa mafuta hayo, kisha akakandika vanishi nzito juu yake. Kikang'aa mpaka kuku wakawa wanakuja kujitazama.

Jumapili asubuhi Ntirampeba alikikodolea macho. "Mzee, umekifanya nini?"

"Nimekimalizia."

"Hebu nikikalie kidogo, nijue kama kimekauka."

"Wewe!" Pancras aliruka. "Kiti cha mkwe kinajaribiwa? Akute joto la makalio ya mtu mwingine?"

"Basi nikiguse kwa kidole."

"Uache alama? Ondoka hapo!"

"Mwache, bwana," Nimpaye akasema. "Leo tumepata seremala mpya. Sisi twende tukapalilie."

Elick alifika saa ya chakula, mrefu, ndani ya suti ya kijivu. Philbert akamwamkia, "Shikamoo baba," naye akaitikia, "Marahaba," bila tabasamu. Akaketi, akala, akasifu ndizi kwa neno moja. Sasa, jibu la posa hutolewa mtu akiwa wima. Hilo kila mtu wa wakati ule alilijua. Elick akakohoa, akashika mikono ya kiti, akainuka.

Kiti nacho kikainuka.

Akaketi. Akajaribu tena, na ikasikika sauti kama jani la mgomba linalochanwa.

"Mkwe, umesema?" Pancras aliuliza, jasho likimtoka.

"Bado sijasema. Kiti chako hakitaki niseme."

Ntirampeba akaitwa kutoka shambani. Akachungulia nyuma ya mgeni, akatikisa kichwa. "Mzee, suruali siwezi kukuahidi. Toka wewe, iache yenyewe."

Wanawake wakafukuziwa jikoni, ambako kicheko chao kilipenya ukuta bila aibu. Philbert na Ntirampeba wakatandaza kitenge kama pazia, na baada ya kuguna kwingi Elick akatokea amevaa suruali ya Pancras, iliyomkomea chini kidogo ya magoti. Akaitazama yake, iliyoketi peke yake kwenye kiti kwa heshima zote. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Nilikuja kukataa," alisema alipomaliza kucheka. "Lakini nikirudi Nyabusozi hivi, mke wangu ataniuliza ni suruali ya nani. Nikimwambia ni ya mtu asiye mkwe wangu, nitalala wapi? Mchukueni Tecla!"

Arusi ikafungwa baada ya mavuno. Haikuwa na kadi za mwaliko wala meza ya watu wakubwa. Aliyekulimia shamba alikaa na aliyekuozesha binti, na hakuna aliyeona ajabu. Ntirampeba na Nimpaye walicheza mpaka vumbi likawafika viunoni. Muda mfupi baadaye wakimbizi walikatazwa kutoka kambini, kisha wakarudishwa kwao, na Pancras hakusikia habari zao tena. Mara ya mwisho kuwaona ni jioni ile ya arusi, Nimpaye akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, Ntirampeba nyuma yake amembebea viatu, bado anacheza katikati ya njia, na mkewe akimfokea bila kugeuka kwamba aharakishe, giza linaingia.