Kabale na Kindi wa Rapsu

Kabale hakuwahi kushika jembe mpaka ng'ombe wa mumewe walipokwisha, kwenye kiangazi cha mwanzo wa miaka ya sabini. Walipewa kipande cha shamba Rapsu, kando ya mfereji wa maji, pamoja na familia nyingine zilizobaki mikono mitupu. Jaldesa, mumewe, alilima msimu mmoja tu. Mbuzi wa kaka yake walipoanza kuzaana huko Merti, akaenda kuwachunga.

"Wewe shika shamba, Mama Asli," alimwambia. "Ukitoka tu, kamati ya mashamba itampa mtu mwingine."

Akabaki na Asli mgongoni.

Kindi walikuwa na mashimo yao chini ya mti mkavu ulioanguka, pembeni mwa shamba. Jua likishapata nguvu walitoka, wakasimama wima wakimtazama, kisha wakafuata mstari wa mahindi na kufukua mbegu moja baada ya nyingine, kana kwamba wao ndio waliozifukia. Alipanda tena. Wakala tena. Abduba, mwenyekiti wa kamati, alipita akaona udongo mtupu.

"Salaam aleikum, Kabale. Hapa kuna mtu kweli?"

"Aleikum salaam. Niko. Kila siku niko."

"Basi shamba lionyeshe kwamba uko."

Tangu hapo akawa anashinda pale na kombeo. Alikula pale, akaswali pale kwenye ukingo wa mfereji, jicho likikimbilia mistari. Akienda kutafuta kuni, akirudi anakuta mashimo mapya. Jirani yake M'Ikiara, mkulima aliyetoka Meru, alimwonyesha namna ya kufunika mbegu kwa matawi ya miiba, kisha akamletea paka.

"Huyu atakusaidia," alisema. "Lakini mwangalie. Anapenda udongo laini."

Paka alikamata kindi mmoja. Kesho yake akafukua kitalu cha vitunguu, akajisaidia humo, akajilaza juu ya miche iliyobaki. Kabale akamfunga kamba kwenye kigingi karibu na yale mashimo. Kindi walipojua urefu wa kamba, wakawa wanapita nje yake. Paka akalia mchana kutwa.

"Nyamaza," Kabale alimwambia. "Mimi nimekaa hapa kukushinda, na sijalia."

Msimu mmoja, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanachomoza, dereva wa lori alileta habari kutoka Kulamawe: mama yake Kabale alikuwa hajiwezi. M'Ikiara alikuwa amempeleka mkewe hospitalini Meru, hakubaki mtu wa kumwachia shamba. Kabale akaenda kwa Abduba.

"Nenda umwone mama," mwenyekiti alisema. "Lakini mahindi yakiliwa, mimi sitaweza kukutetea. Watu wengi wanangoja shamba."

Kabale alijua kwamba mahindi yakifika magotini, kindi hawana haja nayo tena. Akaamua kungoja. Kila asubuhi aliinama akapima kwa mguu wake. Hayakuwa yamefika hata nusu ya muundi pale dereva yule aliporudi na kusema mama amezikwa.

Alikaa kwenye ukingo wa mfereji. Kindi walitoka, wakaingia kwenye maharagwe, wakafukua walivyotaka. Aliwaona wote. Hakuinua mkono.

Ukame wa mwaka themanini na nne ulimrudisha Jaldesa, fimbo mkononi, bila mbuzi hata mmoja. Asubuhi ya kwanza alisimama shambani akashangaa.

"Unakaa tu hapa, siku nzima?"

"Siku nzima."

Kabale akampa kombeo, akamwonyesha mahali mbegu zilipofukiwa, akamchukua Asli na kwenda kungoja lori la Kulamawe.

Alifika kwenye kaburi la mama yake. Aliomba dua, akaondoa mawe yaliyoporomoka. Ndugu zake walimsihi akae nao hata mwezi mmoja. Alikubali, lakini kila lori lililosimama alilifuata, akimuuliza dereva kama amepita Rapsu na kama mahindi yameota. Mwishowe dada yake akamfungia maziwa kwenye kibuyu bila kuambiwa.

Aliporudi Rapsu alimkuta Jaldesa ameketi juani, macho mekundu, mstari mzima umefukuliwa mbele yake.

"Nilienda kuswali tu," alisema.

"Najua."

Kabale akateremsha kibuyu miguuni pake, akaenda kutafuta mbegu.