Kisima Kilichomtaja Angel

Umande bado haujakauka kwenye majani ya mihogo, na Heriel amepiga magoti kando ya kisima. Kofia yake ya plastiki ameikumbatia kifuani. Yuko kimya kwa muda mrefu. Haroub, mshika kamba wake, anakaza fundo kwenye roda, gurudumu la kupitishia kamba, bila kumharakisha.

Kisha Heriel anatamka sentensi moja: "Bwana, leo nisimuumize mtu kwa kinywa changu."

"Amin," anaitikia Haroub, ambaye ni Mwislamu, mzaliwa wa Konde.

Heriel anateremsha mshumaa uliowashwa ndani ya kopo, kupima hewa. Mwali unasimama wima. Anaifunga kamba kiunoni, anaingia, na baada ya muda mfupi kichwa chake hakionekani tena.

Kisima ni cha Bi Mwatum, mjane anayelima mihogo na karafuu nje kidogo ya mji wa Konde. Majirani hawachoti maji hapa. Wenye watoto huwaonya wapite kimya.

"Hichi chasema," anaeleza Bi Mwatum, akiwa amekaa mbali kidogo na ukingo. "Mie nimezaliwa nimekikuta chasema. Neno baya halipotei. Siku likitaka, latoka."

Mwaka huu mvua zimekuwa chache na bomba la kijiji linatoa upepo, kwa hiyo hana budi kukisafisha. Mafundi wengine walikataa. Heriel alikubali, ingawa anakijua. Alishawahi kushuka humu miaka minane iliyopita, nusura afie ndani.

Heriel ana umri wa miaka hamsini na miwili. Alitoka Same, mkoani Kilimanjaro, akimfuata mkewe, Severina, askari polisi aliyehamishiwa Chake Chake. Walipanga nyumba Madungu wakiwa na binti yao, Angel, na hadi leo mume na mke wanaishi hapo. Mume alijifunza kuchimba na kusafisha visima, kazi isiyogombaniwa na watu wengi.

Alikuwa fundi mzuri mwenye mdomo mchungu. Severina anasema mumewe hakuwahi kumpiga mtu, ulimi ulimtosha.

"Kazini mimi ndiye niliyetoa amri," anasema. "Nyumbani nilikuwa napima kila neno kabla ya kulitoa. Angel akisikia geti linafunguliwa, anazima redio na kwenda chumbani."

Asubuhi ya siku ile, miaka minane iliyopita, Haroub alichelewa kufika kwa Bi Mwatum. Heriel alimfokea mbele ya mwenye nyumba: "Mzigo wewe! Huna akili!" Haroub akashika kamba. Heriel akashuka.

Ilipokaribia adhuhuri, mwali wa mshumaa ulianza kufifia. Alijua maana yake: hewa inaharibika. Akapaza sauti, "Haroub, nivute!"

Kamba haikusogea. Akaita tena na tena.

Haroub alikuwa palepale juu. Anaapa kwamba hakusikia mtu akiomba kuvutwa.

"Nilimsikia asema, 'Mzigo wewe! Huna akili!' Sauti yake hasa, yapanda kutoka chini. Nikasema, yakhe, mtu huyu hata chini ya ardhi yuwanitukana? Nikaifunga kamba kwenye mti, nikakaa."

Chini, Heriel naye alikuwa akiisikia sauti hiyohiyo. Ilitoka ukutani, upande wa kushoto, usawa wa sikio, kana kwamba mtu amesimama karibu yake gizani. Ilirudia matusi ya asubuhi. Alipofunga mdomo wake kwa mikono miwili, sauti iliendelea.

Kisha ikasema: "Angel, nyamaza! Nani amekuuliza wewe?"

"Maneno hayo sikuyasema Konde," anasimulia Heriel. "Niliyasema Madungu, mezani kwangu, mlango umefungwa. Angel alikuwa mdogo, alikuwa ananisimulia habari za shule. Nilikuwa nimeshasahau kabisa."

Juu, Haroub aliyasikia pia. Hakuwa amewahi kufika kwa Heriel, wala hakujua majina ya watu wa nyumbani kwake. Akamgeukia Bi Mwatum na kumuuliza, "Angel nani?"

Bi Mwatum aliinuka mara moja. "Huyo anayesema siye yeye!" alimwambia. "Mvute! Mvute upesi!"

Wakaivuta kamba wote wawili. Heriel alitoka amelegea, midomo imebadilika rangi. Mshumaa ulikuwa umeshazimika. Alipoweza kukaa, Haroub alimuuliza tena, "Angel nani?" Heriel akaangua kilio kabla hajajibu.

Afisa mmoja wa maji aliyesimuliwa kisa hiki alisema hewa chafu humfanya mtu asikie yasiyokuwapo. Maelezo hayo yanaweza kutosha kwa aliyoyasikia Heriel. Lakini Haroub alikuwa juu, kwenye upepo.

Siku chache baadaye Heriel alikwenda kwa Egidius, katekista wa kanisa analosali Chake Chake. Alitaka aombewe mara moja, jambo liishe.

"Nilimwambia mambo ya kisima siyajui, ila ulimi wake naujua," anakumbuka Egidius. "Nikampa kazi. Asubuhi, kabla hajafungua mdomo kwa mtu, anyamaze mbele za Mungu. Jioni awaulize watu wake: leo nimewaumiza kwa neno gani? Wakijibu, asijitetee."

Severina anacheka kidogo akikumbuka wiki za mwanzo. "Alikuwa anauliza kama askari anayehoji mtuhumiwa! Nikimjibu, anabisha. Anatoka nje, anazunguka nyumba, anarudi, anasema, 'Haya, endelea.' Ilichukua muda mpaka akaacha kutoka nje."

Kwa Haroub mambo hayakuwa mepesi pia. Heriel alipokwenda kumwomba radhi, aliachwa amesimama mlangoni. "Nilimwambia nimesikia, nenda," anasema Haroub. "Moyo wangu ulikuwa bado. Akaja tena. Hakunihimiza nisamehe. Alikuwa akinisalimu, akiniuliza hali, basi. Siku moja nikaichukua kamba yangu, tukaenda kazini."

Angel hakuwahi kujibu swali la jioni. Kila siku baba aliuliza, kila siku binti alitazama sahani yake. Alimaliza shule, akaenda Unguja kusomea ualimu. Akipiga simu, huzungumza na mama.

Leo, hapa kisimani, kamba inacheza mara mbili. Haroub anavuta, na Heriel anatokeza, amejaa tope hadi kwenye nyusi. Bi Mwatum anampa maji ya kunawa. Kwa muda wote aliokuwa chini, sisi tuliokuwa juu hatukusikia kitu ila sululu na ndoo.

"Kimenyamaza?" anauliza Bi Mwatum.

Heriel anatikisa kichwa. "Hapana, Bi Mwatum. Kinasema."

"Chasema nini?"

"Yaleyale. Sauti yangu ileile. Leo kimenikumbusha na mengine niliyomwambia Severina kabla hatujahamia huku."

Haroub ameacha kukunja kamba. "Na wewe ulifanyaje?"

"Nilisimamisha sululu, nikasikiliza mpaka mwisho. Nikamwomba Mungu anisamehe kwa kila moja, nikaendelea kuchimba."

Kesho atashuka tena, maana tope bado ni jingi. Bi Mwatum amesema atapika uji.

Severina alimpa habari moja jana: Angel anakuja kula Pasaka Madungu. Ni mara yake ya kwanza kurudi tangu aondoke. Heriel amenunua rangi ya kupaka chumba cha binti, na Jumamosi hatafanya kazi ya kisima.

Je, atamuuliza lile swali?

"Nitamuuliza, mama yake akiwapo," anasema, akikamua maji kwenye shati. "Akitaka kusema, hata kama ni usiku kucha, nitakaa. Akitazama sahani, nitampakulia wali."